Kufundisha Asili ya Jamaa kwa Nyaraka Zilizo Wazi na Zilizofungwa

Katika shule za msingi, somo la historia huanzia nyumbani. Mtoto huulizwa jina la babu yake na kijiji alikotoka bibi yake, kisha huongozwa hatua kwa hatua hadi kwenye historia ya kijiji, ya wilaya na ya taifa. Njia hii ni njema, kwani humtoa mtoto katika lile analolijua na kumfikisha katika lile asilolijua. Kwa miaka mingi chanzo kikuu cha habari hizo kilikuwa wazee wenyewe. Siku hizi kimeongezeka chanzo cha pili, nacho ni madaftari ya zamani ya serikali na ya makanisa, yaliyopigwa picha na kutiwa katika kompyuta, hata mtu aliye Dodoma au Kisumu akaweza kuyatafuta kwa simu yake.

Walakini, mwenye kuyatafuta hukutana upesi na jambo linalomshangaza. Jina la jamaa yake huliona katika orodha, lakini akitaka kuufungua ukurasa wenyewe huambiwa kwamba hana ruhusa, au alipe, au asafiri hadi jengo fulani, au angoje miaka mingine mingi. Makala hii inakusudia kumweleza mwanachuo sababu za vizuizi hivyo, na kumwonyesha jinsi ya kuligeuza jambo hili kuwa vipindi vitatu vya darasa la sita. Tutaona pia kwamba mwalimu mwenyewe ni mtunza nyaraka, na kwamba somo la ukoo likifundishwa bila hadhari laweza kumjeruhi mtoto.

Shabaha za somo

Baada ya vipindi hivi, mwanafunzi aweze:

(a) kutaja aina tatu za nyaraka zinazoeleza asili ya jamaa;
(b) kueleza kwa nini baadhi ya nyaraka hufungwa kwa muda;
(c) kupambanua kufuli linalomlinda mtu na kufuli linaloficha dhuluma;
(d) kutunza siri ya habari anazopewa na wengine.

Yampasayo mwalimu kuyajua kwanza

Nyaraka zitumiwazo sana na watafutao ukoo wao ni hizi: madaftari ya sensa, madaftari ya vizazi, ndoa na vifo, madaftari ya ubatizo, hati za mahakama, na orodha za kodi, za askari na za abiria wa meli. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwa ajili ya wajukuu. Serikali iliandika ili itoze kodi au ihesabu watu, nalo kanisa liliandika ili lijue waumini wake. Kwa hiyo aliyeandikwa hakuulizwa kama angependa habari zake zisomwe na dunia nzima miaka mia baadaye. Hapo ndipo mgogoro wote unapoanzia: mjukuu ana haki ya kujua, na aliyeandikwa ana haki ya kusitiriwa.

Lazima pia mwalimu aondoe dhana moja iliyoenea, ya kwamba waraka ukishatiwa katika kompyuta umekuwa wazi kwa wote. Kupiga picha ni kazi ya mikono na mashine, lakini kufungua ni jambo la sheria na mapatano. Waraka waweza kuwa umepigwa picha vizuri kabisa na bado usisomwe na mtu yeyote isipokuwa mtunzaji wake. Sababu za kufungwa ni nyingi, nasi tutazieleza tano.

Sababu ya kwanza ni kumlinda aliye hai. Nchini Marekani, mwaka 1952, mkuu wa idara ya sensa na mkuu wa nyaraka za taifa walipatana kwamba karatasi za sensa zifungwe kwa muda wa miaka 72, na mwaka 1978 jambo hilo likatiwa katika sheria. Ndiyo maana sensa ya mwaka 1940 ilifunguliwa tarehe 2 Aprili, 2012, na ile ya mwaka 1950 ikafunguliwa tarehe 1 Aprili, 2022. Uingereza hungoja miaka 100. Ujerumani, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2009, daftari la vizazi hufungwa kwa miaka 110, la ndoa miaka 80, na la vifo miaka 30. Tazama jinsi tarakimu hizo zilivyopangwa kwa kufuata umri wa binadamu: aliyezaliwa aweza kuishi miaka mia, lakini aliyekufa hana haja ya kungojwa muda mrefu hivyo.

Mfano mzuri sana wa kufundishia ni sensa ya Uingereza ya mwaka 1911. Iliwekwa wazi kabla ya wakati wake, mwaka 2009, baada ya mtunzaji wa sheria ya uhuru wa habari kuamua kwamba si kila kilichoandikwa humo kilikuwa siri. Lakini safu moja ya karatasi ilifunikwa hadi Januari 2012. Safu hiyo ndiyo iliyoeleza ni nani katika nyumba aliyekuwa kiziwi, kipofu au mwenye maradhi ya akili. Zilifichwa vilevile habari za watoto wachanga waliozaliwa na wanawake wafungwa. Hapa mwanafunzi ataona kwamba kufunga si lazima kuwe kufunga daftari zima. Yawezekana kufunika safu moja tu na kuliacha jina likasomwe.

Sababu ya pili ni hatari ya daftari kutumiwa vibaya. Mji wa Amsterdam ulikuwa na daftari la wakazi lililoandikwa kwa uangalifu mkubwa, likionyesha hata dini ya kila mtu. Nchi ya Uholanzi ilipotekwa na Wajerumani, daftari hilo liliwasaidia wenye kuwasaka Wayahudi. Tarehe 27 Machi, 1943, wapinzani wa utawala huo walilitia moto jengo lililokuwa na daftari hilo, ingawa sehemu kubwa ya kadi haikuungua. Karibu nasi zaidi, wakoloni wa Kibelgiji waliwaandika Wanyarwanda kwa kabila katika miaka ya 1933 na 1934, na kabila likatiwa katika kitambulisho cha kila mtu mzima. Miaka sitini baadaye, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kitambulisho hicho kilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa humo likatosha kumwua mtu. Baada ya hapo Rwanda iliondoa kabila katika vitambulisho. Mwalimu asiyapitie mambo haya kwa kirefu mbele ya watoto wadogo, lakini yeye mwenyewe ayajue, ili asije akadhani kwamba kuandika majina ya watu ni kazi isiyo na madhara.

Sababu ya tatu ni mapatano kati ya mtunzaji na mpiga picha. Shirika kubwa kupita yote duniani katika kazi hii ni FamilySearch la mjini Salt Lake City, lililo chini ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Shirika hilo lilitokana na chama kilichoanzishwa mwaka 1894, nalo lilianza kupiga picha za mikrofilamu mwaka 1938. Kwa miaka mingi msomaji aliweza kuagiza mviringo wa filamu na kuusoma katika kituo cha karibu. Mwezi Septemba 2017 uagizaji huo ulikomeshwa, na filamu hizo, zipatazo milioni 2.4, zikaendelea kuhamishwa katika kompyuta, kazi iliyokamilika mwaka 2021. Hata hivyo kila daftari lilipigwa picha kwa mkataba na mwenyewe, awe serikali, manispaa au kanisa. Mkataba mmoja huruhusu watu wote kusoma wakiwa nyumbani, mwingine huruhusu kusoma katika kituo cha shirika tu, na mwingine huruhusu orodha ya majina isomwe lakini picha isionekane. Ndiyo maana wasomaji wengi wanaifahamu ile alama ya kamera yenye ufunguo, inayowajulisha kwamba picha ipo lakini mlango umefungwa.

Hata imani ya dini huingia katika mikataba hiyo. Kanisa lililotajwa hutafuta majina ya wahenga kwa sababu linafundisha ubatizo kwa ajili ya wafu. Mwaka 2008 Vatican iliwaandikia maaskofu wa Kikatoliki kwamba madaftari ya parokia yasitolewe kwa shirika hilo, kwa kuwa Kanisa Katoliki halikubaliani na desturi hiyo. Mwalimu asihukumu imani ya upande wowote. Inatosha wanafunzi waelewe kwamba mtunzaji wa daftari hujiuliza: habari hizi zikitoka mkononi mwangu, zitafanyiwa nini?

Sababu ya nne ni fedha. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 1921 ilipofunguliwa tarehe 6 Januari, 2022, kazi ya kuipiga picha na kuinakili ilikuwa imefanywa na kampuni iitwayo Findmypast, na kwa hiyo aliyesoma nyumbani alitozwa pauni 3.50 kwa kila picha. Aliyefika katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Kew, London, aliisoma bure. Kampuni ina hoja yake, kwani kukarabati karatasi kuukuu na kunakili mamilioni ya majina ni kazi ya gharama. Lakini matokeo ni kwamba mwenye kipato kidogo aliye mbali na London hulipia habari za jamaa zake mwenyewe.

Sababu ya tano ndiyo iliyo nzito kwetu Afrika Mashariki, nayo ni dola kuficha matendo yake. Wakoloni wa Kiingereza walipokuwa wakiondoka, walichoma majalada mengi na kuyasafirisha mengine kwao. Majalada ya makoloni 37 ya zamani yalihifadhiwa kwa siri mahali paitwapo Hanslope Park. Siri hiyo ilifichuka mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya waliotendewa ukatili katika kambi za kizuizini zama za Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Kati ya mwaka 2012 na 2013 majalada hayo, karibu 20,000, yalihamishiwa Kew yakapewa alama ya FCO 141. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Kwa familia iliyotaka kujua baba yao alizuiliwa wapi na kwa amri ya nani, karatasi hizo zilikuwa sehemu ya historia ya ukoo. Kufungwa kwake hakukumlinda mzee wa Nyeri hata kidogo. Kulimlinda aliyemtesa.

Mwalimu akishayajua haya, atakuwa na swali moja la kuongozea mafunzo yake yote: kufuli hili linamlinda nani? Kufuli la miaka 72 au 100 humlinda aliyeandikwa. Kufuli la mkataba hulinda mapatano, kufuli la bei hulinda mtaji, na kufuli la Hanslope Park lilimlinda mwenye nguvu. Asiyeyapambanua hayo ataishia kudai kila mlango ufunguliwe, au atakubali kila mlango ufungwe.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 huweka muda wa miaka 30 kabla ya nyaraka za serikali kufunguliwa kwa wananchi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hulinda habari za mtu mmojammoja. Kenya nayo ina kanuni ya miaka 30, na sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019.

Jinsi ya kufundisha

Zana: ubao, chaki za rangi, karatasi za kufunikia, na daftari jipya moja. Mwalimu hahitaji kompyuta wala intaneti. Kama anayo picha moja ya ukurasa wa sensa ya zamani iliyo wazi, ailete, lakini somo halitavunjika bila picha hiyo.

Kipindi cha kwanza: Daftari la kubuni. Chora ubaoni ukurasa wa sensa ya kijiji kisichokuwapo. Tia safu sita: nambari, jina, umri, kazi, hali ya afya, na uhusiano na mkuu wa nyumba. Jaza nyumba mbili kwa majina yasiyokuwa ya mtu yeyote wa hapo kijijini. Katika nyumba ya kwanza weka mvuvi wa miaka 40, mkewe, watoto watatu na mama mzee asiyeona. Katika ya pili weka mjane mkulima, binti yake, na mtoto mchanga ambaye safu ya uhusiano yasema tu “mtoto wa binti”. Waulize wanafunzi: Tunajifunza nini juu ya nyumba hizi? Ni nini ambacho karatasi haituambii? Waachie muda wa kutosha. Watagundua wenyewe kazi, ukubwa wa jamaa, na mambo ambayo wenye nyumba wasingependa yatangazwe sokoni.

Kipindi cha pili: Hesabu za kufuli. Hiki chafaa kuunganishwa na somo la hesabu. Toa maswali kama haya: Mtoto wa miaka 8 aliandikwa katika sensa ya Marekani ya mwaka 1950. Karatasi ilipofunguliwa baada ya miaka 72, alikuwa na umri gani? (Miaka 80.) Mtoto wa umri huohuo aliyeandikwa Uingereza mwaka 1921 angekuwa na umri gani baada ya miaka 100? (Miaka 108.) Ni yupi aliyeelekea kuwa hai bado? Baada ya jibu, gawa darasa katika makundi manne. Kila kundi lipange ni safu zipi za daftari la ubaoni zifunguliwe mara moja, zipi zingoje, na kwa miaka mingapi. Kila kundi lieleze sababu zake, kisha mwalimu afunike kwa karatasi safu zilizokubaliwa. Usiwape jibu moja kuwa ndilo sahihi, kwani hata mataifa makubwa hayakukubaliana. Sahihisha hoja isiyo na sababu tu.

Kipindi cha tatu: Mlango uliofungwa vibaya. Simulia kwa lugha nyepesi habari za majalada ya Hanslope Park, ukitaja miaka 2011, 2012 na 2013 ubaoni. Kisha rudi kwa makundi yaleyale na uulize: Sababu mlizotoa jana zinafaa hapa? Ni nani aliyelindwa? Wanafunzi watakaoona tofauti kati ya mama mzee asiyeona na ofisa aliyeamuru watu wapigwe watakuwa wameifikia shabaha ya tatu.

Hadhari kwa mwalimu

Walimu wengi hupenda kumaliza mafunzo ya ukoo kwa kumtaka kila mtoto achore mti wa ukoo wake na kuusoma mbele ya wenzake. Mwanachuo afikiri sana kabla ya kufanya hivyo. Darasani yumo mtoto asiyemjua baba yake, yumo yatima anayelelewa na shangazi, yumo ambaye wazazi wake wametengana kwa ugomvi, na katika nchi zilizopatwa na vita yumo ambaye ukoo wake ulimalizwa. Kumsimamisha mbele ya darasa ni kumfungulia daftari lake kabla ya wakati, tena bila idhini yake.

Pwani kuna jambo jingine. Mwaka 1897 amri ya Sultani iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, na waliotaka uhuru wao walikwenda mbele ya mahakama wakaandikwa. Kabla ya hapo misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868, na Frere Town ya Mombasa, iliyoanza katika miaka ya 1870, zilipokea watu waliokombolewa. Kwa mjukuu atafutaye asili yake hati za namna hiyo ni hazina, pengine ndiyo mahali pekee jina la bibi yake lilipoandikwa. Lakini karatasi hiyohiyo ikishikwa na jirani mwenye nia mbaya huwa fimbo ya kumsimangia mtu. Tuna methali isemayo kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu aitamkapo methali hiyo akumbuke kwamba mbele yake aweza kuketi mtoto ambaye asili yake ilikatwa kwa nguvu na wengine, wala si yeye aliyeiacha.

Badala ya mti wa ukoo, mpe mtoto hiari ya kuchagua moja kati ya kazi hizi: kumhoji mzee yeyote juu ya kazi aliyoifanya ujanani, kuandika historia ya kisima, mwembe au jengo la kijiji, au kuchora mti wa ukoo wa nyumba ya mvuvi iliyokuwa ubaoni. Atakayependa kuchora ukoo wake mwenyewe asikatazwe, ila kazi yake asomewe mwalimu peke yake, nayo irudishwe kwa mwenyewe. Anayekwenda kumhoji mzee afundishwe kuomba ruhusa kwanza, kueleza kazi hiyo ni ya nini, na kuuliza mwishoni ni lipi mzee asingependa liandikwe.

Mwisho, mwanachuo ayatazame madaftari atakayokabidhiwa shuleni. Daftari la uandikishaji lina majina ya wazazi na tarehe za kuzaliwa, na ripoti ya maendeleo ina alama na maoni juu ya tabia. Pengine kuna karatasi ya zahanati. Hizo zote ni nyaraka za jamaa, na iko siku mjukuu wa mtoto huyo atazitafuta. Kuziacha juu ya meza wapita njia wakazisoma ni kosa, na kuzichoma mwisho wa mwaka ili kupata nafasi kabatini ni kosa vilevile. Mwalimu aziandike kwa mwandiko unaosomeka, azifungie, na aziache kwa atakayekuja baada yake.

Maswali ya kujadiliana chuoni

1. Taja sababu tano za kufungwa kwa nyaraka. Kwa kila sababu, eleza ni nani anayelindwa.
2. Sensa ya mwaka 1911 ilifunikwa safu moja tu. Toa mfano wa waraka wa shuleni unaoweza kufunguliwa kwa njia hiyo.
3. Mzazi anakuja shuleni kuomba kuona ukurasa wa daftari la uandikishaji wa miaka 40 iliyopita, ili apate tarehe ya kuzaliwa ya marehemu kaka yake. Katika ukurasa huo yamo majina ya watoto wengine thelathini. Utamsaidiaje?
4. Andaa somo la kipindi kimoja juu ya habari za ukoo, linalomfaa hata mtoto asiyejua wazazi wake.